Mapaja ya Mama Si Kiti: Usalama wa Mtoto Ndani ya Gari

*Maandishi ya mazungumzo kwa wazazi, walezi, madereva na wasimamizi wa shule*



Mazungumzo haya yanamhusu abiria mmoja asiyelipa nauli, asiyeweza kumwambia dereva apunguze mwendo, na mara nyingi hata kiti hana. Huyo ni mtoto mdogo. Ndani ya matatu anakumbukwa pale tu anapokalia nafasi ya mtu wa kulipa, ndipo mama yake anaambiwa, "Mama, pakata mtoto, kuna mtu anaingia." Ndani ya gari la nyumbani husimama katikati ya viti viwili vya mbele akitazama barabara, au hukaa mapajani mwa baba akishika usukani kwa vidole vyake vidogo, na watu wote garini hufurahi.

Wazazi hawa wanawapenda watoto wao. Wanawapakata kwa sababu hiyo hiyo ya kuwapenda, na kwa sababu tangu zamani mikono ya mama imekuwa mahali pa mtoto pa kukimbilia. Jikoni ni hivyo, kliniki ni hivyo, kwenye foleni ya benki ni hivyo. Ndani ya gari linalokwenda mambo hubadilika, na sababu yake inaweza kuelezwa kwa hesabu ya shule ya msingi.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo kinakwenda kilomita 50 kwa saa: dereva, abiria, kikapu cha sukuma wiki kilichowekwa nyuma, na mtoto. Gari likigonga lori lililoegeshwa, gari husimama. Vilivyomo havisimami. Vinaendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka vizuiwe na kitu. Mtu mzima aliyefunga mkanda huzuiwa na mkanda. Asiyefunga huzuiwa na usukani, na kioo cha mbele, au na kisogo cha abiria aliyeketi mbele yake. Mtoto aliyepakatwa anategemea mikono tu.

Tuseme mtoto huyo ana mwaka mmoja hivi na kilo 10. Ili asimame kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, mikono inayomshika lazima ihimili nguvu inayolingana na uzito wa kilo 140. Hilo ni gunia la mahindi la kilo 90 na zaidi ya nusu ya gunia la pili. Gari likisimama kwa ghafla zaidi, katika nusu ya muda huo, nguvu hiyo hufika kilo 280, yaani magunia matatu na ushei. Hata wapakiaji wa magunia pale sokoni, watu wa kazi hiyo kila siku, hawanyanyui magunia matatu kwa mpigo, tena bila kujiandaa na kwa muda wa kupepesa jicho. Mama akisema "nitamshika", anasema kweli yote ya moyo wake, lakini mwili wake hauna uwezo huo.

Njia nyingine ya kuiona hatari hii ni kwa urefu. Kugonga kitu kigumu kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80, mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa matatu, ni mita 25, yaani ghorofa ya nane. Hakuna mzazi atakayemweka mtoto kwenye ukingo wa ghorofa ya tatu usio na ukuta, hata akiwa amemshika mkono. Barabarani jambo hilo hufanywa kila asubuhi kwa sababu ndani ya gari urefu hauonekani.

Ubishi huu wa mapaja si wa Kenya peke yake, wala si mpya. Mwaka 1977 wabunge wa jimbo la Tennessee, Marekani, walipitisha sheria ya kwanza nchini humo ya kuwataka wazazi wawaweke watoto wadogo katika viti maalumu vya gari. Aliyeipigania zaidi alikuwa daktari wa watoto aitwaye Robert Sanders, na ilianza kutumika Januari 1978. Lakini katika majadiliano wabunge walichomeka kifungu kilichoruhusu mtoto asafiri akiwa amepakatwa na mtu mzima. Walidhani wanawahurumia akina mama. Dkt. Sanders alikiita kifungu hicho kwa jina kali: kifungu cha kuponda watoto. Jina hilo lina maana yake. Mtu mzima asiyefunga mkanda, mwenye kilo 60 au 70, hurushwa mbele pamoja na mtoto aliye mapajani, na mtoto ndiye anayegonga kwanza. Uzito wote wa aliyempakata humfuata kwa nyuma na kumbana dhidi ya dashibodi au kiti cha mbele. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 1981.

Hapa kwetu mkanda wa gari, au mshipi kama wengi wanavyouita, ulianza kuchukuliwa kwa uzito kutokana na kanuni zilizotangazwa Oktoba 2003 na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki. Wengi bado wanaikumbuka Februari 2004 zilipoanza kutekelezwa: matatu ziliadimika barabarani, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na mafundi wa viti wakawa na kazi usiku na mchana. Kanuni hizo zilidai kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, idadi ya abiria isiyozidi viti, na mkanda kwa kila kiti. Kwa muda abiria walikuwa wakikumbushana wenyewe kufunga. Leo mikanda mingi ya matatu imechakaa, imekatika au inanuka hata abiria anaogopa ichafue nguo yake, na hilo si jambo dogo. Abiria hafungi mkanda mchafu. Mwenye matatu anayetaka watu wafunge aanze kwa kuifua.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka kila abiria afunge mkanda gari likiwa linakwenda, na kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 zimeweka faini ya shilingi 500 kwa asiyefunga. Sheria hiyo inataja abiria, na mtoto ni abiria. Tatizo ni kwamba mkanda wa kawaida umetengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Ukimfunga mtoto wa miaka mitatu, kipande cha juu humpita shingoni, na cha chini hukaa tumboni juu ya utumbo na ini badala ya kukaa kwenye mifupa ya nyonga. Sheria inazungumzia mikanda, lakini haimwelekezi mwenye gari la nyumbani kuhusu kiti gani kinamfaa mtoto wa umri gani. Pengo hilo mzazi analijaza mwenyewe, na ndiyo sababu ya maelezo yatakayofuata kuwa marefu kidogo.

Kabla ya hapo, neno kuhusu mamlaka, kwa kuwa swali hili huulizwa sana kwenye mabaraza. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na uchukuzi wa umma. Leseni za udereva na ukaguzi wa magari ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, na kukamata wakosaji ni kazi ya polisi wa trafiki. Kwa hiyo mkazi anayelalamikia steji iliyobanana mlangoni mwa shule ya chekechea aipeleke hoja hiyo kwa kaunti. Anayelalamikia basi la shule lisilo na mikanda aende NTSA au kituo cha polisi.

Sasa kiti chenyewe. Kazi ya kiti cha mtoto ni mbili: kumzuia mtoto asirushwe, na kuisambaza nguvu ya mgongano kwenye sehemu za mwili zinazoweza kuihimili. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, wakati cha mtu mzima ni sehemu ya saba au ya nane. Mifupa ya shingo yake bado ni laini, haijaungana vizuri. Gari likisimama ghafla na mtoto ametazama mbele, kifua huzuiwa na mikanda lakini kile kichwa kizito huendelea kwenda, na shingo ndiyo inayovutwa. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa huegemea ganda la kiti kwa pamoja, na nguvu hugawanyika mgongo mzima. Profesa Bertil Aldman wa Sweden ndiye aliyelishika wazo hili mapema, miaka ya 1960, alipotazama jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali vyomboni ili mgongo upokee msukumo. Mwaka 1964 kiti cha kwanza cha majaribio cha kutazama nyuma kilijaribiwa ndani ya gari la Volvo. Mpaka leo wazazi wengi wa Sweden huwaacha watoto wao wakitazama nyuma hadi karibu miaka minne.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kiti cha mtoto kikitumiwa ipasavyo hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali za magari kwa takriban asilimia 70. Chanjo chache sana zingekataliwa na mzazi kama zingeletwa na takwimu kama hiyo.

Mtoto mchanga, basi, tangu siku ile anayotoka wodi ya uzazi, akae kwenye kiti kinachotazama nyuma. Safari ile ya kwanza ndiyo inayosahaulika zaidi. Ukoo mzima umekuja hospitalini, nyanya amebeba mtoto, shangazi amebeba thamosi ya uji, teksi imejaa, na mtoto wa siku mbili anakwenda nyumbani mikononi kwenye kiti cha mbele. Kama kuna fedha za zawadi za mtoto, jamaa wakichanga wakanunua kiti kimoja badala ya mablanketi sita, watakuwa wamefanya vizuri zaidi.

Kiti cha kutazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko huo hufumuka kwa nguvu kubwa kufumba na kufumbua, na kiti cha mtoto kikiwa mbele yake kinagongwa mgongoni, mahali kilipo kichwa cha mtoto. Wapo watoto waliofariki hivyo katika ajali ndogo ambazo abiria wengine walishuka wazima. Mahali pa mtoto ni kiti cha nyuma, na kwa gari lenye kiti kimoja tu cha mbele, kama pikapu, mfuko huo uzimwe kwanza. Kama hauwezi kuzimwa, kiti cha kutazama nyuma kisiwekwe humo.

Mtoto akikua kupita kipimo cha kiti hicho huhamia kiti cha kutazama mbele chenye mikanda yake mwenyewe ya mabega, nyonga na katikati ya miguu. Haraka ya kumgeuza haina faida yoyote. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129 inataka atazame nyuma mpaka apite angalau miezi 15, na madaktari wengi wa watoto hushauri aendelee hivyo kwa kadiri kiti kinavyomtosha. Wazazi huona miguu imekunjwa wakadhani mtoto anateseka. Watoto wanakunja miguu siku nzima wakicheza chini, na mguu uliovunjika huungwa.

Baada ya hapo, kuanzia kilo 15 hadi 18 hivi na kuendelea, huja kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari upite mahali pake. Hiki ndicho wazazi wengi hukiruka, wakiona mtoto wa darasa la pili ni mkubwa. WHO hupendekeza watoto watumie vifaa hivi mpaka angalau miaka 10 au urefu wa sentimita 135. Njia rahisi ya kumpima ni kumketisha kwenye kiti cha kawaida cha gari, mgongo umegusa nyuma. Je, magoti yanakunjika kwenye ukingo wa kiti? Mkanda wa chini uko kwenye nyonga? Wa juu unapita katikati ya bega, mbali na shingo? Kama jibu moja ni hapana, bado anahitaji kuinuliwa. Mto wa kochi si mbadala, maana huteleza na mtoto akapita chini ya mkanda.

Viti vingi vinavyouzwa mijini ni mitumba vilivyokuja pamoja na bidhaa nyingine kutoka Uingereza, Japani na kwingineko. Hakuna aibu kununua mtumba, lakini kuna maswali. Kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali hakifai hata kama hakionyeshi ufa, na muuzaji wa sokoni mara nyingi hajui historia yake, hivyo mnunuzi akague mwenyewe. Akigeuze chini juu. Viti vingi vina mhuri wa mwaka wa kutengenezwa kwenye plastiki, na vingine tarehe ya mwisho wa matumizi. Vilivyokubaliwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa vina kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara na namba ya kanuni, 44 au 129, pamoja na uzito au urefu wa mtoto anayefaa. Plastiki iliyopauka na kukwaruzika kama beseni la zamani imechomwa na jua. Mikanda isiwe imekatwa na kushonwa upya na fundi cherehani, hata awe hodari namna gani. Kifungio kifunge kwa mlio na kisiachie kikivutwa. Kiti kisicho na kibandiko, kisicho na mwaka na chenye kifungio kilicholegea kiachwe hapo hapo sokoni.

Kiti kizuri kilichofungwa vibaya ndicho kinachowadanganya wazazi zaidi. Kikishafungwa, mtu akishike pale mkanda wa gari unapopita na kukitikisa. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu hivi. Magari mengi ya miaka ya karibuni kutoka Japani yana vishikio viwili vya chuma vilivyojificha kwenye mpenyo kati ya mgongo na kalio la kiti cha nyuma, viitwavyo ISOFIX. Vitafutwe kwa vidole. Wenye magari wengi wanavyo na hawajui. Mikanda ya mtoto ikazwe mpaka mzazi asiweze kuishika mkunjo wake kwa vidole viwili begani. Na mtoto avuliwe sweta nzito au shali kwanza. Nguo nene hubonyea wakati wa mgongano na kuacha mkanda umelegea. Katika maeneo ya baridi afungwe kwanza, kisha afunikwe blanketi juu ya mikanda. Kwenye joto shida ni nyingine: kifungio cha chuma kilichoachwa juani humchoma mtoto, naye hukataa kiti siku nzima. Leso moja ya kufunika kiti gari linapoegeshwa inatosha.

Mkanda mmoja usifungwe kwa mtu mzima na mtoto pamoja. Inaonekana ni busara, lakini mtoto huwa kati ya mkanda na kilo 70. Na mama mwenye mtoto mgongoni kwa leso asiegemee kiti akiwa naye mgongoni, hata kwa safari ya kutoka steji hadi sokoni.

Haya yote ni ya wenye magari. Wakazi wengi wa kaunti hawana gari, na hapo ndipo maneno ya wataalamu huishiwa. Afrika Kusini ilipoanza mwaka 2015 kuwataka watoto wa chini ya miaka mitatu wakae katika viti vyao, iliziacha nje teksi za abiria na mabasi. Ilikuwa vigumu kufanya vingine, kwa kuwa hakuna mama atakayepanda matatu tatu kwa siku akibeba mtoto, mkoba na kiti cha plastiki. Kwa hiyo ni heri kusema wazi: hakuna namna ya kumpakata mtoto mchanga ndani ya matatu ambayo ni salama. Zipo namna zenye madhara madogo zaidi. Mama ajifunge mkanda yeye kwanza, kwa sababu akirushwa yeye atamponda mtoto. Kisha amshike mtoto akiwa nje ya mkanda huo, kifua kwa kifua. Asikae kiti cha mbele kando ya dereva, wala kwenye kibao kilichopachikwa kati ya viti, ambacho hakina mkanda na hakiruhusiwi. Mtoto wa miaka mitatu na zaidi alipiwe nafasi yake ikiwezekana, afungwe mkanda wa nyonga ukiwa chini kabisa, mapajani, na si tumboni.

Na kuna mwendo. Ile hesabu ya magunia hupungua kwa kasi kubwa dereva akipunguza mwendo. Kutoka kilomita 80 hadi 50, ile ghorofa ya nane inakuwa ya tatu. Kwa kilomita 30 ni urefu wa mita tatu na nusu. Ndani ya matatu, basi, ulinzi mkubwa wa mtoto uko kwenye mguu wa kulia wa dereva. Abiria mmoja akisema "dereva, punguza, kuna watoto", hudharauliwa. Wakisema watano, hali ni nyingine. Na kondakta anayetaka mtoto apakatwe ili aongeze nauli moja ajue kwamba kiti kina mkanda mmoja wa mtu mmoja.

Shule nazo zina wajibu ulioandikwa. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2017 yanataka magari ya kubeba wanafunzi yawe na mikanda iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, na ndipo mabasi ya shule yalipoanza kupakwa rangi ya manjano. Rangi ilifika haraka, kwa kuwa ni rahisi kupaka. Mikanda imekuwa ikifika polepole. Mzazi anayelipa karo ya usafiri kila muhula ana haki ya kupanda basi hilo asubuhi moja, akahesabu viti, akahesabu mikanda, kisha akahesabu watoto. Namba hizo tatu zikitofautiana, akutane na mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Noah ya watu saba inayobeba wanafunzi 15, wengine kwenye buti, si usafiri wa shule hata ikiwa imebandikwa karatasi ya manjano.

Kuhusu bodaboda maneno ni machache. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, mwenye kofia ngumu inayomtosha. Watoto wanne wa chekechea juu ya pikipiki moja, mmoja amekalia tangi, hawana mkanda, hawana kofia na hawana pa kushika. Pale umbali unapokuwa mfupi, wazazi wa mtaa mmoja wakipeana zamu ya kuwasindikiza watoto kwa miguu watawafikisha salama zaidi, mradi watembee upande wa kulia wakitazama magari yanayokuja.

Mwaka 2024 watu 4,748 walipoteza maisha katika barabara za Kenya, kwa hesabu ya NTSA. Desemba ndiyo miezi ya familia nzima kusafiri, na gari la watano hubeba tisa, wadogo wakilazwa nyuma pamoja na mizigo. Buti ni sehemu ya gari iliyotengenezwa kukunjamana likigongwa nyuma. Watu wakizidi viti, wengine watangulie kwa basi.

Kabla ya yote, kila mwenye gari afanye kazi moja ya dakika kumi. Katika magari mengi ya nyumbani mikanda ya nyuma haijawahi kutumiwa tangu gari litoke bandarini. Imezama chini ya kalio la kiti, au fundi wa vitambaa aliifunika alipovisha viti upya. Kiti kiinuliwe, vifungio vichomolewe juu, vitambaa vitobolewe panapohitajika. Kila mkanda uvutwe polepole mpaka mwisho ili kuona kama umekatika au umeliwa na panya, kisha uvutwe kwa ghafla. Usipokwama, fundi auangalie kabla ya safari ijayo.